Tarehe ya kuzaliwa: kutoka kinywa cha mama mpaka karatasi ya komini

Huku kwetu Kasha, katika komini ya Bagira, ukimuuliza mama mzee alizaa mtoto wake wa kwanza mwaka gani, mara nyingi hatakupa namba. Atakupa habari: «Wakati Schramme alikuwa mu Bukavu, ule mutoto alikuwa anaanza kutambaa.» Mwenye kujua historia anaelewa. Mamluki wa Schramme waliushika mji kuanzia mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 1967. Basi mtoto alizaliwa karibu na mwanzo wa mwaka ule. Huo si ujinga, ni kalenda.

Wazee wetu Bashi hawakuwa wanafanya feti ya kuzaliwa kila mwaka. Kwao maana ilikuwa kujua nani alimtangulia nani, na mtoto alikuja katika hali gani. Jina lenyewe liliweza kutunza habari hiyo: Murhula ni amani, Nkuba ni radi.

Wabelji walipokuja, walitaka namba, juu ya kodi na kazi. Mwanaume akionekana amekomaa, karani alimtazama na kukadiria, kisha akaandika kwa Kifaransa «né vers», ni kusema «alizaliwa karibu na mwaka fulani». Mapadri nao waliandika siku ya ubatizo, na wengi wakaichukua kuwa siku ya kuzaliwa. Baadaye, chini ya Mobutu, tarehe ya mtu mmoja, 14 oktoba, iligeuka sikukuu ya inchi nzima!

Baba yangu alikuwa na karatasi mbili: moja inasema 1936, ingine 1941. Alipofikia kuomba pansheni, walimuuliza: «Mzee, wewe ni nani kati ya hawa wawili?» Tulicheka nyumbani, lakini yeye hakucheka. Alikufa akingali anangojea jibu.

Kwa vijana hatari ni kubwa zaidi. Tangu vita ya 1996 tulizoea kuona kadogo na bunduki. Mtoto asiye na cheti, nani atahakikisha kama ana miaka 13 ao 18? Tarehe 14 machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga juu ya kuingiza katika jeshi, kule Ituri, watoto wenye chini ya miaka 15. Katika kesi ile walipiga hata picha za mifupa na meno ili kutafuta umri, na majaji wenyewe wakaona kwamba njia hiyo haitoi jibu kamili. Fikiri: mifupa inaulizwa neno ambalo mama alilijua tangu siku ya kwanza!

Sheria ya familia ya 1987 ilitoa siku 30 za kuandikisha mtoto. Ile ya 2016 iliongeza mpaka 90. Zikipita, lazima hukumu ya mahakama.

Mama zetu watasema tena: «Huyu alizaliwa wakati M23 iliingia mu mji», ndiyo februari 2025. Tusiwakataze. Lakini kila nyumba iwe na daftari: siku, saa, mahali, jina la mkunga, na habari ya mama pembeni. Karatasi ya komini inaweza kuungua ao kukosea. Habari nayo inakufa pamoja na mwenye kuisema. Zikiwa mbili, moja itaokoa ingine.