Times New Roman: herufi ya gazeti iliyohamia kwenye tasnifu

Jumatatu ya Oktoba 3, 1932, wasomaji wa The Times la London walilipokea gazeti lao likiwa na sura mpya. Jina la gazeti, walilozoea kuliona kwa herufi za Kigothi zenye pembe na mikunjo, sasa lilisimama wima kwa herufi za Kirumi zisizo na mapambo. Habari zenyewe nazo zilichapwa kwa herufi ambazo gazeti lolote lilikuwa halijazitumia. Ndizo hizi za Times New Roman, ambazo vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki humtaka mwanafunzi azitumie, pointi 12, anapowasilisha tasnifu.

Anayeanza kujifunza taipografia, yaani ufundi wa kuchagua na kupanga herufi za chapa, ana mengi ya kuvuna hapa. Herufi hizi ziliundwa kwa kazi moja inayojulikana, na vipimo vyake vyote vinaieleza kazi hiyo.

Mambo yalianza kwa lawama. Stanley Morison aliacha shule akiwa na miaka 14, akajisomea historia ya uchapaji mpaka akawa mshauri wa Monotype, kampuni iliyotengeneza mitambo ya kusubu herufi za risasi moja moja. Mwaka 1929 aliwaeleza wakuu wa The Times kwamba gazeti lao linachapwa vibaya na herufi zake zimepitwa na wakati. Wakamtwisha yeye mwenyewe kazi ya kurekebisha.

Morison hakuwa mchoraji. Alianzia kwenye Plantin, herufi ambayo Monotype waliitoa mwaka 1913 kwa kufuata chapa za Ulaya za karne ya 16. Akampa maelekezo Victor Lardent, mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, naye akachora. Mafundi wa Monotype ndio waliogeuza michoro ile kuwa chuma.

Tatizo walilokabidhiwa lilikuwa la nafasi. Safu ya gazeti ni nyembamba, na kila sentimita yake ina bei. Herufi ikiwa pana, habari hazienei. Ikibanwa mno, msomaji anachoka. Tazama a, e na n za Times New Roman: kimo chake ni kikubwa zikilinganishwa na herufi kubwa, kwa hiyo jicho huziona vizuri hata zikichapwa ndogo. Sehemu ya juu ya b na d, pamoja na mkia wa p na g, zimefupishwa ili mistari iweze kukaribiana. Upana nao umepunguzwa ili maneno zaidi yaingie katika kila mstari.

Kwenye ncha za herufi kuna vijimkia, ambavyo wasanifu huviita serifu. Katika Times New Roman ni vyembamba na vikali. Sehemu za wima za herufi ni nene, za mlalo ni nyembamba, na tofauti hiyo ndiyo inayoupa ukurasa ung'avu. Lakini wembamba huo ulidai karatasi nzuri na uchapaji makini. The Times walikuwa navyo vyote viwili. Magazeti mengi yaliyochapwa kwenye karatasi duni hayakuwafuata, na walioipokea herufi hiyo kwa wingi walikuwa wachapaji wa vitabu na majarida.

Umaarufu wa leo uliletwa na kompyuta. Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya LaserWriter ikiwa na toleo la herufi hii, liitwalo Times, ndani yake. Mwaka 1992 Microsoft waliiweka Times New Roman kwenye Windows 3.1, na kwa miaka mingi aliyefungua Word aliikuta ikimsubiri. Watu wengi hawakuichagua, waliikuta.

Ilipofika kwenye karatasi ya A4, kazi ilikuwa imebadilika. Mstari wenye urefu wa sentimita 16 ukiandikwa kwa pointi 12 hubeba takriban herufi 90, nafasi zikihesabiwa. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha taipografia cha mwaka 1992, anapendekeza kati ya 45 na 75. Mstari ukizidi hapo, jicho linaporudi upande wa kushoto hupotea njia na kusoma mstari uleule mara mbili. Sharti la kuacha nafasi ya mstari mmoja na nusu, ambalo wanafunzi huliona kama njia ya kujaza kurasa, hupunguza tatizo hilo.

Kiswahili kina ugumu wake kwenye safu nyembamba. Neno kama "hawajayashughulikia" linapokosa nafasi huhamia zima kwenye mstari wa chini, na kompyuta inayonyoosha kingo zote mbili hutawanya maneno yaliyobaki, ikaacha mashimo meupe. Dawa ni kulikata kwa silabi, jambo ambalo lugha yetu inaliruhusu kwa urahisi kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu: ha-wa-ja-ya-shu-ghu-li-ki-a. Programu iliyoachwa kwenye mipangilio ya Kiingereza italikata inavyojua yenyewe.

The Times lenyewe liliiacha herufi hiyo mwaka 1972, likahamia Times Europa, kwa kuwa mitambo na karatasi havikuwa tena vile vya miaka ya 1930. Mwaka 2007 Microsoft nao waliiondoa kwenye nafasi ya kwanza ya Word, wakaweka Calibri, iliyosanifiwa na Lucas de Groot kwa ajili ya skrini. Si kwamba Times New Roman ilikuwa mbaya. Mahali pa kusomea palikuwa pamebadilika.

Hilo ndilo somo la kwanza la usanifu wa kurasa. Kabla ya kupendezwa na sura ya herufi, mwanafunzi aulize itasomwa wapi, kwa umbali gani, kwenye mstari wa urefu gani. Serifu zinazong'ara kwenye kitabu hufifia kwenye bango la barabarani, na herufi nzito inayoita watu kwenye bango huchosha ikijaza aya nzima. Kwenye tasnifu ameshapangiwa na chuo. Kwenye kadi ya harusi, kipeperushi cha duka au jarida la klabu uamuzi ni wake, na huko ndiko aanzie kupima.