Sindano Iliyomrudishia Leonard Nguvu

Leo tutaangalia sindano ya insulini ilikotoka, na kwa nini mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapaswi kuikosa hata siku moja.

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiingiza sukari ya chakula kwenye seli za mwili ili itupe nguvu. Kongosho la mtoto huyu limeacha kuitengeneza. Sukari hujaa kwenye damu, naye hukojoa mara kwa mara, huona kiu kali, na hukonda ingawa anakula.

Zamani hapakuwa na dawa. Madaktari waliwapunguzia watoto chakula sana ili wasogeze siku tu. Hata hivyo walifariki.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kutoa dawa kwenye kongosho la mbwa, baadaye la ng'ombe, katika maabara ya Profesa John Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa, alidungwa dawa hiyo. Haikuwa safi, wala haikumsaidia vya kutosha. Mwenzao James Collip akaisafisha zaidi, na tarehe 23 Januari Leonard akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Aliishi miaka 13 zaidi.

Lakini sikiliza vizuri, mama: insulini haikumponya Leonard. Ilichukua nafasi ya ile aliyoikosa, ndiyo maana aliendelea kudungwa. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mtoto akinenepa na kucheza, ni kwa sababu sindano inafanya kazi. Ukiiacha ili ujaribu mitishamba, anaweza kuzidiwa kwa siku chache tu. Hata akiugua malaria au kukosa hamu ya kula, usiisimamishe. Mpeleke hospitali wakuelekeze kipimo.

Akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka mno. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari upesi. Kama amezirai, usimtie kitu mdomoni; mkimbize hospitali.

Na mtoto yeyote mwenye dalili nilizotaja apimwe sukari leo, si kesho.