Ngao Mkononi mwa Mtambaji

Mwaka 1976 kilitoka kitabu chembamba chenye tungo mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Mtunzi wake, Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini ya Tanzania aliyezaliwa mwaka 1943, alikwisha kujulikana kwa Kinjeketile (1969), tamthilia ya Vita vya Maji Maji, na kwa Mashetani (1971). Aliyetazamia tena wahusika wengi na majibizano alikutana na sauti ya msimulizi mmoja, peke yake mbele ya hadhira. Je, hiyo ni tamthilia au ni ushairi?

Jawabu linaanzia mbali. Hussein alisoma Berlin ya Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, na tasnifu yake ikahusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika ya Mashariki. Katika mji huo ndimo Bertolt Brecht alimofanya kazi hadi kufariki kwake mwaka 1956, akitaka mtazamaji asilewe na kisa bali akipime kwa akili yake. Ingedhaniwa kwamba Hussein angerudi na jukwaa la Kijerumani. Alirudi na mtambaji wa ngano. Kwani mtambaji hajifanyi shujaa: huigiza sauti ya huyu na ya yule, kisha akarejea kuwa yeye mwenyewe, na hadhira humwitikia ikijua fika kuwa inasimuliwa. Alilolitafuta Brecht kwa nadharia, bibi wa Kiswahili alikuwa nalo barazani.

Miaka hiyo hiyo ushairi ulikuwa na mtafaruku wake. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) kiliacha vina na mizani, na watetezi wa mapokeo wakaona nyumba inabomolewa. Mabishano yakawa ya karatasi: mizani mingapi, vina viko wapi. Jaribio la Hussein lilielekea upande mwingine. Liliuliza ni nini kinachoushika ubeti pale vina vinapoondoka, na likajibu kwa pumzi ya msemaji, kwa urejeshi wa maneno, na kwa kimya kinachoachwa ili hadhira ikijaze.

Jaribio hilo lina gharama yake. Tungo za namna hii zikisomwa kimya hubaki nusu usingizini. Zadai mtu wa kusimama na kuzisema, na shule zetu zimezoea zaidi kuchambua kuliko kusema. Hata hivyo, kisa cha Ngao ya Jadi chenyewe chatoa onyo. Nyoka Sesota anauawa, watu wanashangilia, kisha hatari inarejea. Ngao ya wazee yapasa kushikwa upya na kila kizazi, kwa mkono ulio hai. Ndivyo ulivyo ushairi nao: mwenye kuutundika ukutani ausifu kila siku, na mwenye kuubadili umbo apate kuutumia, yupi kati yao ndiye mrithi?