Hatua Nne za Kisomo

Sisi walimu tulizoea kusherehekea makubwa: mahafali, kufaulu darasa la saba, nafasi za sekondari. Kisomo cha watu wazima kilitufundisha kushangilia madogo.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu saba kati ya watu wazima kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulikuta wasiojua ni asilimia 39. Ule wa 1986, chini ya 10.

Takwimu hizo ndizo zinazokumbukwa. Mimi naona busara ilikuwa katika kupima kwa hatua nne. Aliyefika ya tatu alihesabiwa kuwa amefuta ujinga, lakini hata wa hatua ya kwanza aliandikwa kwa hatua yake.

Na maishani hatua zilionekana. Mkulima wa Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, aliyezoea kutia dole gumba, siku moja huandika jina lake kwenye stakabadhi ya mahindi. Mama husoma barua ya mwanawe bila kumwita jirani, na siri ikabaki nyumbani.

Baadaye kampeni ilipoa. Sensa ya 2012 ilikuta wasiojua wamevuka tena asilimia 20. Ari haidumu pasipo pongezi. Anayengoja hatua ya nne ndipo apige makofi, atawapoteza wengi katika ile ya kwanza.