Kusubu kwa nta

Kusubu kwa nta ni njia ya kutengeneza vitu vya metali ambapo umbo hufinyangwa kwanza kwa nta, likafunikwa kwa udongo au kauri, kisha nta ikayeyushwa itoke na metali iliyoyeyuka ikamiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa ili kukitoa kitu kilichosubiwa, kwa hiyo kila kalibu hutumika mara moja tu. Njia hii ina umri wa takriban miaka 6,000. Kwayo zimetengenezwa sanamu za Ife na Benin, siwa ya Lamu, vito, meno ya bandia na mapanga ya injini za ndege.

Hatua za kazi

Nta ya nyuki hufinyangika kwa urahisi na hushika alama ndogo kabisa, hata ya ncha ya sindano. Mafundi wengi huichanganya na ulimbo wa miti ili iwe ngumu kiasi. Kitu kidogo huweza kufinyangwa chote kwa nta. Kwa kitu kikubwa, fundi hutengeneza kwanza kiini cha udongo na kukifunika kwa tabaka jembamba la nta, ili kitu kiwe na uwazi ndani. Uwazi huo huokoa metali na hupunguza hatari ya kupasuka wakati wa kupoa. Vijiti vya chuma huchomekwa kupitia nta hadi ndani ya kiini, navyo hukishikilia kisisogee nta ikishatoka.

Baada ya hapo vijiti vya nta hubandikwa kwenye umbo. Kimoja kitaacha njia ya kumiminia metali, vingine vitaacha matundu ya kutolea hewa na gesi. Tabaka la kwanza la udongo huwa laini sana na hupakwa kwa uangalifu, kwa maana ndilo linalochukua sura ya nta. Matabaka yanayofuata huwa ya udongo mzito uliochanganywa na makapi ya mpunga, mkaa au kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huungua na kuacha vitundu vinavyopitisha gesi.

Kalibu ikishakauka hupashwa moto hadi nta imwagike yote, kisha huchomwa zaidi ili unyevu uishe. Maji yakibaki ndani hugeuka mvuke ghafla metali inapoingia, na kalibu huweza kupasuka na kumjeruhi fundi. Metali humiminwa kalibu ikiwa ingali moto, la sivyo itaganda kabla ya kufika kwenye sehemu nyembamba. Shaba safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za selsiasi. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, huyeyuka kwenye joto la chini zaidi na hutiririka vizuri. Mafundi hukadiria kiasi cha metali kwa kupima nta: gramu 100 za nta huhitaji takriban kilo 1 ya bronzi. Mwisho kalibu huvunjwa, vijiti hukatwa, na kazi hupigwa tupa, huchongwa na kung'arishwa.

Kazi ikiharibika wakati wa kumimina, umbo la asili nalo limekwisha kupotea. Ndiyo sababu wasanii wa Ugiriki ya kale, na baadaye wa Italia, walitunza umbo la asili na kulichukulia nakala za nta kwa kalibu nyingine. Hata hivyo hatari haikuisha. Benvenuto Cellini, aliyesubu sanamu ya Perseus iliyozinduliwa Firenze mwaka 1554, alisimulia kwamba bronzi ilianza kuganda tanuruni, naye akatupia humo sahani na vyombo vyake vya mezani vyenye bati ili itiririke tena.

Historia

Miongoni mwa kazi za kale zaidi zinazojulikana ni hazina ya Nahal Mishmar, yenye vitu zaidi ya 400, vingi vya shaba, iliyogunduliwa mwaka 1961 katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Katika Bonde la Indus, mji wa Mohenjo-daro umeacha sanamu ya msichana yenye urefu wa sentimita 10.5, iliyosubiwa miaka 4,000 hivi iliyopita. Kusini mwa India, mafundi wa enzi ya Chola walisubu sanamu za miungu zisizo na uwazi ndani, na kazi hiyo ingali inaendelea katika mji wa Swamimalai.

Afrika Magharibi ni kati ya maeneo yaliyoifikisha sanaa hii kwenye kilele. Vyombo vya Igbo-Ukwu, mashariki mwa Nigeria, vinakadiriwa kuwa vya karne ya 9 na vimepambwa kwa nakshi ndogondogo, pamoja na sura za wadudu. Mafundi wa Ife walisubu vichwa vyenye sura za watu halisi. Baadhi ni vya shaba karibu safi, jambo linaloonyesha ustadi mkubwa, kwani shaba safi hunyonya gesi na hutiririka kwa shida. Katika ufalme wa Benin, ulio Nigeria ya leo, chama cha wasubu cha mtaa wa Igun kilifanya kazi chini ya Oba, yaani mfalme. Sehemu kubwa ya metali yao ilitokana na bangili za brasi (shaba na zinki) zilizoletwa na Wareno kuanzia mwishoni mwa karne ya 15. Jeshi la Uingereza lilipora maelfu ya kazi hizo mwaka 1897. Ujerumani ilianza kurudisha sehemu yake mwaka 2022, na mtaa wa Igun bado una wasubu hadi leo.

Waasante wa Ghana walitumia vipimo vidogo vya brasi kupimia vumbi la dhahabu. Kwa baadhi yake hawakuhitaji nta kwa umbo lenyewe: mdudu au ganda la karanga lilifunikwa kwa udongo, likaungua, na metali ikajaza nafasi yake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kazi mashuhuri zaidi ni siwa ya Lamu, baragumu kubwa la shaba lililosubiwa kwa njia ya nta na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Siwa ilipigwa katika sherehe za watawala na za jamaa wakubwa, nayo ilikuwa alama ya mamlaka ya mji. Mwenzake, siwa ya Pate, ni ya pembe ya ndovu.

Matumizi ya viwandani

Njia hii iliingia katika kazi za kisasa kupitia tiba ya meno. Mwaka 1907 William H. Taggart wa Chicago aliwaonyesha madaktari namna ya kusubu vijazo vya dhahabu kutoka nta iliyochukua umbo la jino la mgonjwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya ndege viliifuata kwa sababu aloi zinazostahimili joto kali ni ngumu kukatwa kwa mashine.

Kiwandani nta huingizwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya metali, hivyo maumbo yanayofanana hupatikana kwa wingi. Hubandikwa pamoja kwenye shina moja la nta, huchovywa mara kadhaa katika uji wa kauri na kunyunyiziwa mchanga, kisha nta huondolewa kwa mvuke. Kwa mapanga ya turbini, kiini cha kauri huacha njia za hewa ya kupoza, kwa kuwa gesi inayoyapitia huweza kuwa na joto kubwa kuliko kiwango cha kuyeyuka cha aloi yenyewe. Mengine husubiwa yawe fuwele moja, yasiwe na mipaka ya chembe ambako nyufa huanzia. Viungo bandia vya nyonga na vito vingi hutengenezwa pia kwa njia hii.

Faida na mipaka

Kusubu kwa nta hutoa maumbo yenye mikunjo na uwazi ambayo kalibu ya mchanga haiwezi kuyatoa, na uso wake huhitaji kukwanguliwa kidogo tu. Lakini hatua zake ni nyingi na gharama yake ni kubwa. Kwa vitu vikubwa na vizito visivyohitaji usahihi mkubwa, kama miili ya pampu na mifuniko ya mashimo ya majitaka, kalibu ya mchanga ndiyo inayofaa zaidi.