Thamani ya Forodha: Kwa Nini Kisicho na Ushuru Bado Hulipiwa

"Kompyuta haina ushuru" ni maneno ya kweli, na ndiyo yanayowagharimu watu pesa. Yamezoeleka Malindi, na ukifuata barabara ya Garsen mpaka Gongoni utayasikia huko pia, kwa mafundi wa simu na kwa vijana wa viwanda vya chumvi wanaochanga mishahara waagize kompyuta mpakato kutoka ng'ambo. Katika jedwali la ushuru wa pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta imewekwa kwenye asilimia 0. Mtu akaagiza, akalipa bei na nauli, akasubiri. Mzigo ukafika Nairobi na hati ya madai juu yake: elfu kumi na kitu.

"Mwanangu, si ulisema haina ushuru?"

"Ushuru haina, mama. Hii ni VAT, na ya reli, na ya ile fomu."

Mama haridhiki, na ana haki ya kutoridhika. Kwa Kiswahili cha Kenya, hayo yote matatu ni ushuru. Shirika linaloyakusanya tunaliita Mamlaka ya Ushuru. Magazeti yetu huandika "ushuru" kwa kila senti inayokwenda serikalini, na muuza samaki wa Gongoni hulipa ushuru wa soko kwa kaunti bila kuvuka mpaka wowote. Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga mambo ni mengine. Mtanzania ana neno "kodi" kwa jumla, na "ushuru" amelibakizia kazi mahususi, kama vile ushuru wa forodha kwa kinachoingia nchini na ushuru wa bidhaa kwa vitu teule kama sigara, vinywaji na mafuta. Akisikia kitu hakina ushuru wa forodha, bado anajua kodi ipo. Mkenya akisikia kitu hakina ushuru, amesikia kwamba hakuna cha kulipa.

Kwa hiyo istilahi ya kwanza inayohitaji kunyooshwa ni hiyo. Pale jedwali la Jumuiya linaposema asilimia 0, tuseme kwa ukamilifu: kompyuta haina *ushuru wa forodha*. Neno moja lililoachwa hapo ndilo linalobeba shilingi elfu kumi na tatu, kama hesabu itakavyoonyesha.

Istilahi ya pili ndiyo hasa iliyonifanya niandike, kwa sababu inatajwa kidogo na ndiyo msingi wa hesabu yote. Makarani wa bandarini na mawakala wa Mombasa huitaja kwa herufi tatu, CIF, yaani bei ya kitu pamoja na bima na nauli mpaka kinapoingia nchini. Wapo wanaoiita "bei ya CIF", wengine "thamani ya mzigo". Mimi nashikilia "thamani ya forodha". Bei ni jambo la muuzaji na mnunuzi, wakipatana, imekwisha. Thamani ya forodha ni kipimo cha dola: hupimwa kwa kanuni, inaweza kuzidi bei uliyolipa, na inaweza kuwepo hata pale ambapo hakuna aliyelipa kitu. Anayeiita bei amekwisha kumpotosha msomaji kabla hajaanza kupiga hesabu.

Neno forodha lenyewe halina ugeni pwani hii. Lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya mahali pa kupakulia mizigo, na Forodhani ya Lamu na ya Unguja bado zinaitwa hivyo. Neno ushuru nalo lilitoka kwenye fungu la kumi. Lakini fungu lililotozwa katika bandari za Sultani halikuwa la kumi kila mara. Mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said, sultani wa Maskati na Unguja, na Marekani uliweka asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa, na ukatamka kwamba hiyo inatosha badala ya malipo mengine yote, kuanzia kutia nanga hadi rubani wa kuongoza meli. Tozo moja, mara moja, basi. Nadhani picha hiyo ya zamani bado tunayo vichwani tunapouliza, "Ushuru wake asilimia ngapi?" tukitarajia namba moja.

Leo namba ni nyingi, na mambo mawili huzifanya zimshangaze mnunuzi: kila moja ina msingi wake wa kuhesabiwa, na nyingine hupanda juu ya mgongo wa zilizotangulia.

Chukua kifaa kilichowekwa kwenye asilimia 25 ya ushuru wa forodha, kikaja kwa meli. Bei yake shilingi 34,000, nauli 5,500, bima 500. Mnunuzi makini anajumlisha 25 na 16 ya kodi ya ongezeko la thamani (ile VAT), anapata 41, anaipigia bei yake, anatenga 13,940. Afisa wa forodha haanzi na 34,000. Anaanza na 40,000, maana nauli na bima zimo ndani ya thamani ya forodha. Ushuru wa forodha unatoka 10,000. Kodi ya ongezeko la thamani haitozwi juu ya 40,000 bali juu ya 50,000, kwa kuwa ushuru uliotozwa sasa hivi umekwisha kuwa sehemu ya thamani, inatoka 8,000. Kisha ada ya tangazo la uagizaji, ndiyo "ya ile fomu", asilimia 2.5 ya thamani ya forodha tangu Julai 2023: 1,000. Kisha tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza 2013 ili kugharamia reli ya kisasa, na iliyopandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa Desemba 2024: 800. Jumla 19,800. Mtu aliyejiandaa vizuri kabisa amepungukiwa na 5,860, na hakuna aliyemdanganya.

Sasa ile kompyuta iliyomtatiza mama. Ilikuja kwa ndege, na hapa sheria ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Nne, inasema nauli huongezwa kwenye thamani, isipokuwa mzigo uliokuja kwa ndege. Huo nauli yake haiongezwi. Ni nafuu kubwa, kwa sababu vifurushi vingi vya watu wa kawaida huja kwa ndege na nauli ya ndege ni ghali. Lakini nafuu hiyo ni ya forodha tu. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 nayo ina msingi wake, na inasema bima na nauli ambazo hazikuingizwa kwenye thamani ya forodha ziingizwe huku. Kifurushi kimoja, hati moja, misingi miwili.

Tuseme bei ni 60,000 na nauli ya ndege 6,000, bila bima. Ushuru wa forodha: hakuna. Ada ya tangazo, juu ya 60,000, ni 1,500. Tozo ya reli, juu ya 60,000, ni 1,200. Kodi ya ongezeko la thamani, juu ya 66,000, ni 10,560. Jumla 13,260. Ukiona kwenye hati yako nauli ya ndege imejumlishwa kabla ya ada na tozo, una swali halali la kumuuliza wakala, na ulize kabla ya kulipa.

Simu ina lake. Tangu Julai 2022, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, simu za mkononi zinazoagizwa kutoka nje zina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na huo nao huingia kwenye msingi wa kodi ya ongezeko la thamani. Tena, kuanzia Januari 2025 namba ya utambulisho ya kila simu inayoingia, ile ya tarakimu 15 unayoipata ukibonyeza *#06#, inatakiwa itajwe kwa Mamlaka ya Ushuru, hata kama ni ya msafiri aliyekuja nayo mfukoni. Kwa fundi wa Gongoni anayenunua simu zilizotumika kwa watu waliorudi safari, namba hiyo imekuwa kitu cha kukagua sawa na kioo na betri.

Linaloumiza zaidi pwani hii, kwa maoni yangu, ni zawadi. Nyumba nyingi za Malindi na Magarini zina mtu Uarabuni, Doha au Jeddah au Maskati. Dada anamtumia mdogo wake simu, anaandika juu ya boksi "zawadi", pengine na bei ndogo ya kujikadiria, akiamini ndivyo inavyopita. Hapo ndipo tofauti ya bei na thamani inapoonekana kwa macho. Kanuni za kimataifa za kuthamini bidhaa, ambazo Jumuiya imezifuata, zina njia sita zinazopangwa kwa daraja. Ya kwanza ni thamani ya muamala, yaani kilicholipwa kweli katika mauzo. Zawadi haina mauzo, kwa hiyo njia ya kwanza imefungwa. Afisa anashuka kwenye ya pili: bidhaa iliyo sawa na hiyo iliyokwisha kuingia nchini ilithaminiwa kiasi gani? Asipoipata anatazama inayofanana nayo. Halafu anakwenda kwenye njia za kukokotoa kutoka bei ya sokoni, au kutoka gharama za kuitengeneza, na mwisho kabisa njia ya kukadiria kwa busara iliyo ndani ya kanuni hizo hizo. Kwa hiyo simu iliyotumwa kwa upendo inathaminiwa kwa simu ya mgeni fulani iliyopita wiki nyingine. Neno "zawadi" halina nguvu hapo. Risiti ingesaidia zaidi. Dada angenunua dukani, akaweka risiti ya jina lake ndani ya boksi, mdogo wake angekuwa na kitu cha kumwonyesha afisa anapoulizwa.

Mawakala wana msemo wao, "wamepandisha thamani", na wateja huuelewa kama uonevu. Mara nyingine ni uonevu kweli, na sheria inampa mlipaji haki ya kutaka maelezo ya maandishi namna thamani ilivyofikiwa. Lakini huwezi kudai maelezo ya kitu usichojua jina lake. Ukienda ukasema "bei yangu ilikuwa ndogo", utajibiwa kwamba bei yako haikukataliwa. Ukisema "nataka kujua thamani ya forodha imepatikana kwa njia ipi", mazungumzo yamebadilika.

Kuna mistari mingine kwenye hati isiyo ya serikali kabisa: uwakala, hifadhi ya ghala kwa siku ambazo mzigo ulilala, ada ya kampuni iliyotanguliza kodi kwa niaba yako. Hizo usiziite ushuru hata kidogo. Zinaweza kujadiliwa au kulinganishwa na za wakala mwingine. Wanaoagiza kwa kilo, kwa kuchangia kontena au shehena ya ndege kutoka Guangzhou au Dubai, huwa wamezimeza zote ndani ya bei moja ya kilo, na ndiyo sababu utaratibu huo unapendwa na mafundi wa vijijini: anajua mapema atatoa ngapi. Tatizo lake ni kwamba mzigo ukikamatwa, mmiliki wa kioo kimoja cha simu hana hati ya jina lake.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 7. Sioni sababu ya hati ya madai ya kifurushi cha mtu binafsi kutokuwa na mistari hii kwa Kiswahili, kila mmoja na msingi wake pembeni: thamani ya forodha, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, ada ya tangazo la uagizaji, tozo ya reli, na chini ya mstari mnene, malipo ya wakala. Hakuna istilahi hata moja ya kubuniwa hapo. Zote zinatumika, baadhi Mombasa na baadhi Dar es Salaam. Kinachokosekana ni kuziweka kwenye karatasi moja na kuifikisha mpaka Gongoni.