Nafsi ya Muuguzi: Tangu Hema ya Rufaida Hadi Wadi za Leo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Muuguzi Mwislamu anapomjia imamu wake akalalamika kwamba usingizi umemruka, moyo umekuwa mgumu mbele ya mgonjwa na ibada imepoa, aghalabu hujibiwa: subiri, ujira wako uko kwa Mola wako. Jawabu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jawabu. Nusu ya pili imo katika tarehe yetu na katika fiqhi yetu.

Alipojeruhiwa Saad bin Muadh (R.A.) katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 H (627), Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema ya Rufaida Al-Aslamiyya (R.A.) msikitini. Mama huyu alikuwa akiwatibu majeruhi na kuwahudumia Waislamu wasio na wa kuwaangalia. Naye Ummu Atiyya (R.A.), kama alivyopokea Imamu Muslim, alitoka katika vita saba, akipika, akitibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Kazi hii basi ilipata heshima mapema, na mahali pake palikuwa jirani na mihrabu.

Baadaye kazi ya kujitolea ikawa kazi ya ujira. Nuruddin Zengi alijenga bimaristani yake Damascus mwaka wa 549 H (1154), na Sultani Al-Mansur Qalawun akakamilisha yake Cairo mwaka wa 683 H (1284). Al-Maqrizi ametaja kwamba katika hiyo ya Cairo waliwekwa wahudumu wanaume kwa wanawake na wakapangiwa mishahara. Wagonjwa wa homa, wa macho, wa majeraha na wa kuhara walitengewa kila kundi mahali pake, na wanawake pao. Gharama zilitoka katika wakfu. Hatudai kwamba waasisi hao walikuwa na elimu ya nafsi kama ijulikanavyo leo. Tunalosema ni kwamba hawakumwachia mhudumu thawabu peke yake.

Elimu ya nafsi nayo haikukosekana. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 H (934), alikigawa kitabu chake Masalihul Abdan wal Anfus sehemu mbili, ya mwili na ya nafsi. Katika ya pili alizungumzia hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, akafundisha kwamba mwenye afya ajiwekee fikra njema kama mtu awekavyo dawa kabla ya maradhi.

Ulaya njia ilikuwa nyingine. Kwa muda mrefu uuguzi ulikuwa mikononi mwa masista wa Kanisa, kama wale wa shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1633 na Vincent de Paul. Kazi ilihesabiwa kuwa wito na kujitoa mhanga. Florence Nightingale alifika hospitali ya jeshi Üsküdar mwaka 1854. Aliporejea Uingereza mwaka 1856 aliishi miaka mingi mgonjwa, mara nyingi kitandani, huku dunia ikimsifu. Anayesifiwa kama malaika huona haya kusema amechoka.

Katika zama zetu, Herbert Freudenberger aliiandika hali hii ya kuishiwa nguvu mwaka 1974 huko Marekani, na mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa kipimo chake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake mpya, inayotumika tangu Januari 2022, si kama maradhi, bali kama hali itokanayo na kazi. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na utendaji kushuka.

Tazama neno hilo: itokanayo na kazi. Basi hukumu yake haimhusu muuguzi peke yake, inamhusu pia aliyemwajiri. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Dharr (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuwakalifisha walio chini ya mikono yetu kazi inayowashinda, na tukiwakalifisha, tuwasaidie. Ikiwa hiyo ni haki ya mtumwa, mwajiriwa huru ana haki zaidi. Na mafaqihi wetu wa Kishafii wamesema kwamba nyakati za sala za faradhi na tohara zake zimetolewa katika mkataba wa ijara hata kama hazikutajwa. Kwa hiyo mkataba haummiliki mtu wote.

Subira ni ibada ya aliyefikwa na mzigo. Haimpi ruhusa mwenye kuuongeza. Imamu amuusie muuguzi subira na kumpeleka kwa tabibu wa nafsi inapohitajika, kisha awaendee wasimamizi wa hospitali, hasa zile za wakfu na za jumuiya zetu, awaulize zamu ni saa ngapi na wadi moja ina wauguzi wangapi. Huko ni kuamrisha mema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaowahudumia waja wake, na atupe sisi kuwafanyia uadilifu. Wallahu aalam.